Kidole cha Ngowa

Orodha wameibandika mlangoni pa chifu, Mwakirunge,
karatasi kumi na mbili kwa uji wa sembe,
na kuku wameshazidonoa zile za chini.

Nikaanza juu. Sikuwa na haraka.
Yumo mwenye duka la saruji.
Yumo mwalimu aliyehamia Voi tangu mwaka wa mafuriko.
Yumo Shee Mwinyikai wa ghorofa ya nne, Nyali:
ekari sita, mahindi na mihogo.
Labda analima barazani,
labda mihogo yake huning'inia kambani pamoja na kanzu.

Kisha, nambari mia moja na tisa:
Ngowa Mwagandi. Ekari mbili. Mifuko minne.
Mume wangu.
Nilimzika mwaka wa tatu sasa, wiki ya kwanza ya masika,
udongo umelowa, jembe likiingia bila kelele.

Langu nililitafuta hadi pale kuku walipofikia.
Shamba halina hati, alisema karani.
Marehemu aliandikwa zamani, kabla ya kuulizana hati.
Na asiye na hati si mkulima,
ni mtu tu anayeinama.

Usiku ujumbe ukaingia kwenye simu yake,
ile ya vitufe, ninayoipeleka kuchajiwa kila Jumamosi
kwa shilingi kumi, nisiulizwe ya nini:
*Mpendwa mkulima Ngowa, mbolea yako ya ruzuku iko tayari.
Fika ghalani Changamwe. Mavuno mema.*
Nikausoma mara mbili.
Hakuna aliyewahi kumwita mpendwa kwa maandishi,
hata mimi.

Changamwe foleni imelizunguka ghala hadi relini.
Malori yanapakia pembeni, mifuko arobaini, arobaini,
hayana foleni.
Mbele yangu mama wa Jomvu na bahasha ya kaki:
hakujua itatakiwa karatasi gani,
kaja nazo zote, hata kadi ya kliniki ya kitinda mimba.

Dirishani binti, kucha za hina, kitambulisho kifuani: Swabra.
"Ngowa ndiye wewe?"
"Mume wangu."
"Lazima aje mwenyewe, aweke kidole."
"Hawezi."
"Mgonjwa?"
"Si mgonjwa tena."
Akanitazama. Akaitazama kompyuta.
"Humu yu hai," akasema, sauti kaishusha,
"na msimu uliopita alichukua. Na wa kabla yake."

Nikasimama pale, jua la saa sita utosini,
nikikiwaza kidole cha Ngowa,
kile cha shahada, kilichokatwa ncha na panga la kufyekea,
kile ambacho mashine ya kura ilikikataa mara mbili
mwenyewe akiwa mzima, akitoka jasho, akiomba radhi.
Leo kinakubalika kila msimu.
Kinabonyeza, kinachukua, kinakwenda zake.
Nani kakivaa?

Penye udhia, penyeza rupia.
Mimi rupia sina, nina nauli ya kurudi.

Jioni nikapanda vivyo hivyo,
kwa samadi ya mbuzi wa jirani
na ile taka nyeusi inayooza vizuri kule jaani,
ukishachambua vioo na betri.
Mstari wa tatu nilikata kidole. Changu.
Nikakinyonya nikaendelea.

Saa mbili usiku simu ikatetemeka kwenye sahani ya bati:
*Mpendwa mkulima Ngowa, umepokea mifuko minne.
Asante kwa kulisha taifa.*

Nikakaa nayo kitambo.
Kisha nikajibu, herufi moja moja,
maana vitufe vyake vimekuwa vigumu:
*Akija tena mwambieni apite nyumbani.
Jembe lake lipo. Mpini nimeubadilisha.*

Haukufika. Nambari hiyo haipokei ujumbe.
Shilingi moja ikakatwa.